R9 295X2 kwenye maji: chipu ya kwanza 48, ya pili 63. Nini hiki wakuu?

#1 Mzunguko_Wangu
Wakuu salama. Nina R9 295X2, ile kadi ya michoro ya AMD ya 2014 yenye chipu mbili za Hawaii kwenye bodi moja. Nimeung'oa mfumo wa kupoza wa kiwandani nikafunga bloku ya kupitishia maji, moja ndefu ya shaba iliyopakwa nikeli, inafunika chipu zote mbili, memori na VRM ya katikati (sehemu inayorekebisha umeme wa chipu). Mzunguko unaenda hivi: tanki, pampu D5, prosesa, kadi, rejeta ya 360 unene 45mm, unarudi tanki. Feni tatu. Chumba kiko kama 25.

Kazi imeisha, hakuna kinachovuja, kimya kabisa. Ila nikiibana na gemu zito nusu saa hivi chipu ya kwanza inakaa 48 na ya pili 63, tofauti digrii 15 na haipungui hata nikizungusha feni mpaka mwisho. Nikizima gemu zote zinashuka na zinakaribia kulingana. Mimi nilitegemea zipishane mbili tatu tu. Dhana yangu ni kwamba maji yanafika chipu ya pili yakiwa yameshapashwa na ya kwanza, kwa hiyo nataka niongeze rejeta nyingine niiweke baina ya prosesa na kadi. Mnasemaje?

#2 Pikseli
Kumbe bado kuna watu wa CrossFire, ile ya chipu mbili za AMD kuchora gemu moja? Nilijua ilishazikwa na matanga yakaisha 😂

#3 kipozajoto
Usinunue rejeta. Piga hesabu kwanza. Maji yakipita lita moja kwa dakika yanabeba karibu wati 70 kwa kila digrii moja yanayopanda. D5 kwenye mzunguko wa kawaida inakupa lita 3 mpaka 4 kwa dakika. Kadi yako nzima ni wati 500, tuseme lita 4, maji yanaingia na kutoka yakiwa yamepanda chini ya digrii 2. Chipu ya pili inapokea maji yaliyopashwa na nusu tu ya hizo, yan haifiki digrii moja. Sasa digrii 15 zinatoka wapi? Sio maji hayo. Na kuweka rejeta kabla ya kadi hakutagusa tofauti ya chipu na chipu, zote mbili zitashuka pamoja.

#4 FundiBisibisi
Naungana na kipozajoto. Hapo ni mguso. Bloku haijakaa vizuri juu ya chipu ya pili. Ulikaza skrubu kwa utaratibu gani? Maana bloku ndefu kama hiyo ukianza kukaza upande mmoja mpaka mwisho, upande wa pili unanyanyuka kidogo na pesti ya kupitisha joto kati ya chipu na bloku inabaki nene. Unatakiwa uanze na nne za kuzunguka chipu ya kwanza nusu nusu kwa mkingamo, unahamia nne za chipu ya pili nusu nusu, unarudi, ndio unamalizia za pembeni.

#5 jiwe_la_silikoni
Kwani shida iko wapi? Hawaii inavumilia 95. Kaa ucheze gemu lako mkuu.

#6 bwana_wati
@jiwe_la_silikoni hiyo 95 ni ya 290X yenye feni. 295X2 kikomo chake ni 75, ikifika hapo inaanza kujipunguza kasi. Waliiweka chini kwa sababu ya kile kipoza maji cha kiwandani, pampu ziko juu ya chipu zenyewe na maji ya moto yanaziua. Na hata ukitoa kipoza cha kiwandani, bios ya kadi (programu iliyomo ndani yake) haijui umekitoa, 75 inabaki palepale. Kwa hiyo 63 kwenye chumba cha 25, ukija msimu wa joto chumba kikawa 35 ameshafika 73. Hana nafasi ya kupumua.

#7 jiwe_la_silikoni
Haya nimekusoma. Ila kiwandani si ilikuwa na pampu moja tu?

#8 bwana_wati
Mbili. Kila chipu na pampu yake ndogo ya Asetek, zinafuatana, rejeta moja ya 120 kwa zote. Halafu feni ya katikati kwa ajili ya VRM. Wati 500 kwenye rejeta ya 120, fikiria mwenyewe.

#9 Mama_Pampu
Poleni na majukumu. Ngoja niongeze kisa changu maana naona mmekimbilia skrubu haraka sana. Nilikuwa na GTX 690, ile ya 2012 ya chipu mbili za GK104, wati 300 tu sio zimwi kama hilo lako. Nayo niliiweka kwenye bloku ndefu. Miezi ya mwanzo chipu zilikuwa zinalingana kabisa, halafu taratibu ya pili ikaanza kupanda, kila nikicheki imeongeza kidogo. Nikafungua nikabadili pesti, wapi. Nikaja kufungua bloku yenyewe, ule mfuniko wa akriliki, nikakuta vimifereji vya upande wa chipu ya pili vimejaa ute mweupe kama uji. Ule ute unatoka kwenye mipira laini yenyewe, plastiki inajichuja kidogo kidogo ndani ya maji moto unaganda kwenye sehemu nyembamba zaidi ya mzunguko, na sehemu nyembamba zaidi siku zote ni bloku.

Na cha muhimu: uliza bloku yako inagawaje maji. Kuna zinazopitisha maji kwa mfuatano, chipu ya kwanza halafu ya pili. Kuna zinazogawa sambamba, nusu huku nusu kule. Kama ni sambamba na upande mmoja umeziba hata kidogo, maji yanachagua njia rahisi, upande ulioziba unabaki na matone. Hapo hesabu ya @kipozajoto haitumiki.

#10 Mzunguko_Wangu
Asanteni kwa majibu. Yangu ni mfuatano, inaonekana kwa macho kupitia mfuniko. Mipira ni laini ya kawaida, maji ni ya kuchemshwa na kuvukizwa + dawa ya ukungu. Ni mpya kbs, haina hata mwezi mmoja.

Skrubu nilikaza kwa mkingamo. Pedi za kupitisha joto kati ya memori na bloku: bloku ilikuja na zake ila upande mmoja zilipungua nikaongezea nyingine za unene huohuo, 1mm.

#11 ShabaTupu
SIMAMA HAPO HAPO. Upande gani ulioongezea?

#12 Mzunguko_Wangu
Wa chipu ya pili. Lakini unene ni uleule nimepima.

#13 ShabaTupu
Unene uleule haitoshi mkuu. Pedi zinatofautiana ugumu. Kuna laini ukiibana ya 1mm inakuwa 0.7, kuna ngumu ukiibana inabaki 0.9 na kitu. Memori zimeizunguka chipu pande zote, pedi ngumu zikiinyanyua bloku hata unene wa nywele, chini yake pesti ndiyo inajaza lile pengo, na pesti sio shaba. Watu wanasifia pedi zenye namba kubwa ya kupitisha joto wanasahau hizo za namba kubwa mara nyingi ndio ngumu zaidi. Memori yenyewe haihitaji makuu, inahitaji iguswe tu. Chipu ndio yenye wati 200 na zaidi kwenye eneo la milimita 438 za mraba.

#14 FundiBisibisi
Nilisema mguso. Nimesema tangu #4.

#15 kipozajoto
Wote tumesema mguso fundi, tulia 😄

#16 tofali_la_shaba
Mnanikumbusha mbali. Nyie watoto wa bodi moja mmedekezwa. Sisi tulikuwa na GTX 295 ya 2009, ile ya mwanzo, bodi mbili zimetazamana kila moja na chipu yake, kipoza kinakaa katikati kama nyama kwenye sambusa. Bloku ya maji yake nayo ilikuwa inabanwa katikati, shaba pande zote mbili, ukikaza bodi ya kwanza unasukuma ya pili. Kulinganisha joto la chipu mbili ilikuwa ndoto. Baadaye mwaka uleule Nvidia wakatoa ya bodi moja, tukapumua.

Ila swali langu kwa mleta uzi: unasoma joto kwa programu gani? Maana chipu ya pili kwenye CrossFire inalala isipokuwa na kazi, ile ULPS, na programu nyingine zinasoma takataka ikilala. Zima ULPS kwanza halafu ndio utuletee namba.

#17 Mzunguko_Wangu
Nimeshaizima, namba ni za wakati chipu zote ziko 99%.

#18 Pikseli
Gemu gani hilo linatumia chipu zote 99% mwaka huu jamani, nipe jina nami nifufue kadi yangu kabatini

#19 Mzunguko_Wangu
Ya zamani mkuu, tena ninayo foleni ya gemu za enzi hizo. Wewe endelea na mapya yako.

#20 bwana_wati
Nataka niseme kitu ambacho hakuna aliyegusa. Chipu mbili hazizaliwi sawa. Hata zikitoka kwenye sahani moja ya silikoni, moja inaweza kuwa inavujisha umeme zaidi ndani yake, nyingine kidogo. Bios inazipa volteji tofauti kufuatana na hilo. Fungua programu ya GPU-Z uangalie volteji ya kila chipu zikiwa kazini na wati za VRM zake. Kama ya pili inakula wati 40 zaidi hapo sehemu ya jibu unayo na hakuna pedi wala skrubu itakayotibu.

Halafu nje ya mada kidogo lakini ni muhimu: waya za umeme. Kadi hii ina vichwa viwili vya pini 8. Kiutaratibu kichwa kimoja ni wati 150, na sloti ya madabodi 75, jumla 375. Hii inakula 500. AMD wenyewe walitaka pawa saplai itoe ampea 28 kwa kila kichwa. Kwa hiyo usitumie waya mmoja wenye vichwa viwili, kila kichwa kiwe na waya wake kutoka kwenye pawa saplai. Nimeona waya ulioyeyuka kwenye kadi kama hii, chanzo kilikuwa waya mmoja kubebeshwa mzigo wote.

#21 Mzunguko_Wangu
Waya ni mbili tofauti. Volteji nitaangalia leo usiku.

#22 mgeni_njiani
Samahani naomba kuuliza tu, maji ya betri si ndio hayohayo ya kuvukizwa? Naweza kutumia kwenye kompyuta?

#23 Mama_Pampu
Hakikisha ni yale ya kuongezea, sio maji makali. Maji makali ni asidi, utapoteza kadi na vidole. Na hata hayo ya kuongezea lazima utie dawa ya ukungu la sivyo utafuga bustani. Usichanganye rejeta ya alumini na bloku ya shaba, vikikutana kwenye maji alumini inaliwa polepole mpaka itoboke.

#24 jiwe_la_silikoni
Faida ya hayo maji ni kwamba hata yakivuja juu ya kadi hayapitishi umeme kwa hiyo uko salama

#25 ShabaTupu
Hapana. Yakiwa kwenye chupa sawa. Yakishazunguka siku chache kwenye shaba na nikeli yanaokota ioni, na yakidondokea bodi yenye vumbi yanaokota zaidi. Usimdanganye mgeni. Jaribu kuvuja ukiwa umewasha pampu peke yake, kadi na madabodi havina umeme, karatasi nyeupe imetandazwa chini ya kila kiungo. Vizuri zaidi tumia kile kipima cha upepo, unajaza hewa mzunguko mtupu unaangalia sindano kama inashuka.

#26 Mzunguko_Wangu
Nimerudi na namba wakuu.

Joto la maji tankini gemu likiwa linaendelea: 37.
Chipu ya kwanza 48, volteji 1.14, wati 198.
Chipu ya pili 63, volteji 1.19, wati 231.

Pia nimepima mwendo wa maji. Nimetoa mpira unaorudi tankini nikaelekeza kwenye chombo, lita moja imejaa kwa sekunde 40. Nikipiga hesabu ni lita 1.5 kwa dakika sio 4. D5 yangu iko namba 2 kwenye ile swichi yake ya namba 1 mpaka 5, namba 5 inapiga kelele siipendi.

#27 Pikseli
@kipozajoto njoo huku, lita 4 zako zimepungua 😂😂

#28 kipozajoto
Nilisema mzunguko wa kawaida. Pampu namba 2 na bloku mbili na rejeta nene sio kawaida. Haya turudie hesabu basi. Lita 1.5 kwa dakika ni kama wati 105 kwa digrii. Chipu ya kwanza inatia wati 200 na ushee, ongeza memori na VRM tuseme 250, maji yanapanda digrii 2.4 kabla ya kufika chipu ya pili. Digrii mbili na nusu hizo. Kwenye 15 bado tunadaiwa 12 na kitu. Msimamo wangu uko palepale.

#29 bwana_wati
Na mimi mmeniona? Wati 33 zaidi na volteji ya juu. Chipu ya pili ni ya moto kwa asili.

#30 FundiBisibisi
Wati 33 hazitoshi bwana. Chipu ya kwanza iko digrii 11 juu ya maji kwa wati 198. Ya pili ingekuwa na mguso uleule kwa wati 231 ingekuwa digrii 13 juu ya maji. Iko 26! Mara mbili. Hiyo ni pesti au pengo.

#31 bwana_wati
Umesahau kitu kimoja fundi. Silikoni ikipata joto inavujisha umeme zaidi, ikivujisha zaidi inapata joto zaidi. Kwa hiyo huwezi kujua hizo wati 33 ni chanzo au ni matokeo. Inawezekana mguso mbaya ndio umeleta wati, inawezekana wati zimeleta joto. Vinakula sahani moja.

#32 FundiBisibisi
Kwa hiyo unakubali ni mguso.

#33 bwana_wati
Sikusema hivyo.

#34 Mama_Pampu
Kabla hamjagombana, kuna jaribio rahisi. Badilisha mpira wa kuingia na wa kutoka kwenye kadi, maji yaanzie chipu ya pili. Kama tatizo ni mpangilio wa maji, joto litahamia chipu ya kwanza. Kama ni mguso halitahama.

#35 ShabaTupu
Kwa bloku nyingine jaribio hilo linadanganya. Kuna zenye kibati chembamba kinachoyaelekeza maji yapige katikati ya chipu halafu yasambae pembeni. Ukigeuza, maji yanatokea pembeni yanaishia katikati, ufanisi unashuka. Utaona chipu zote zinapanda utafikiri umegundua kitu.

#36 Mama_Pampu
Sawa ila zitapanda ZOTE. Tunatafuta tofauti sio joto lenyewe.

#37 Mzunguko_Wangu
Nimegeuza. Chipu ya kwanza imepanda mpaka 51. Ya pili imeshuka mpaka 58. Maji 37 vilevile.

Sasa sielewi kabisa, kumbe kuna la maji na kuna la mguso?

#38 kipozajoto
Tofauti ilikuwa 15 sasa ni 7. Katikati yake ni 11. Kwa hiyo kama 11 ni ya chipu ya pili yenyewe, na 4 ni za mpangilio wa maji, unaziongeza maji yakianzia huku, unazitoa yakianzia kule. Mimi nilikadiria 2.4 sio mbali sana.

#39 tofali_la_shaba
Nne na mbili nukta nne sio mbali? Mwalimu wako wa hesabu anajua? Hiyo ni karibu mara mbili. Maana yake kadi inapitisha maji kidogo kuliko ulivyopima. Ulipopima ulitoa mpira ukaelekeza kwenye chombo chini, pale maji yanashuka yenyewe, mzunguko ukifungwa mwendo unaweza kuwa tofauti. Nunua kipima mwendo cha kuunga ndani ya mzunguko.

#40 kipozajoto
Mzunguko uliofungwa maji yanayopanda yanasaidiwa na yanayoshuka, urefu unajifuta. Ukifungua ndio unaharibu vipimo, hilo nakubali, ila sio lazima liwe kwa upande unaousema wewe. Inategemea chombo kilikuwa juu au chini ya tanki.

#41 Mzunguko_Wangu
Kilikuwa sakafuni 😅

#42 Mama_Pampu
Mimi narudi kwa hoja yangu. Lita 1.5 kwa D5 hata ikiwa namba 2 naona ndogo. Kuna mahali pamebana. Ulisuuza rejeta kabla ya kuifunga? Rejeta mpya zinakuja na mabaki ya risasi ya kulehemu na ile dawa yake ndani. Usipoisuuza kwa maji ya moto mara kadhaa uchafu wote unakuja kujikusanya kwenye vimifereji vya bloku. Hauhitaji mwezi, siku mbili zinatosha.

#43 Mzunguko_Wangu
Nilisuuza mpaka maji yakatoka safi. Na kwenye mfuniko wa bloku sioni kitu.

#44 Mama_Pampu
Huwezi kuona, kibati kimefunika vimifereji.

#45 bwana_wati
Hebu tuondoe maji kwenye mjadala. Bana chipu moja moja. Kuna programu za OpenCL, za kuipa kadi kazi ya hesabu, zinaiona kadi yako kama vifaa viwili, ipe kazi chipu ya kwanza peke yake nusu saa, iache ipoe, halafu ya pili peke yake. Chipu jirani ikiwa imetulia haipashi maji ya mtu. Hapo mpangilio hauna kauli.

#46 Pikseli
Wakati mkisubiri: kuna jamaa ananibishia kwamba 295X2 ina GB 8 za memori kwa hiyo inapita kadi za GB 6. Nimwambie nini?

#47 tofali_la_shaba
Mwambie ni 4 na 4. Kila chipu inahifadhi nakala yake ya vitu vilevile maana zinachora fremu kwa kupokezana, moja inachora hii nyingine inachora inayofuata. Gemu linaona GB 4. Ndio maana pia zilikuwa zinakwamakwama, fremu mbili zinakuja zimebanana halafu pengo. AMD walikuja kurekebisha kwa draiva 2013 kupanga nafasi kati ya fremu. Kabla ya hapo kaunta inaandika 60 macho yanaona 30.

#48 Mzunguko_Wangu
Namba za chipu moja moja, maji 32 mara zote mbili:
Ya kwanza peke yake 42.
Ya pili peke yake 54.

#49 FundiBisibisi
Digrii 10 juu ya maji na digrii 22 juu ya maji. Kesi imekwisha. Fungua.

#50 bwana_wati
Haijaisha lakini nakubali inaelekea kwako.

#51 KimyaKimya
Habarini, nimesoma uzi wote. Kesi yako imelala au imesimama? Nauliza kwa sababu kadi hiyo ni ndefu, sentimita 30 na zaidi, na bloku ya shaba ya urefu huo ni nzito. Kesi ikisimama kama kawaida kadi inaning'inia kwa mabano na sloti, mwisho wake unashuka. Bodi ikipinda, mguso unabadilika, na inayoumia zaidi ni chipu iliyo mbali na mabano. Laza kesi ubavu, kadi isimame wima, pima tena.

#52 Mzunguko_Wangu
Imesimama. Na kweli kadi imeshuka kidogo upande wa mwisho. Nimelaza, nimebana ya pili peke yake tena: 51. Imeshuka tatu!

#53 KimyaKimya
Ndio hiyo. Tafuta kitegemeo cha kushikilia kadi.

#54 Mama_Pampu
Au ulipolaza hewa iliyokuwa imenasa kwenye bloku imetoka. Bloku ikiwa imelala kifudifudi mapovu yanakaa juu, na juu pale ndiyo upande wa chipu. Uliona maji ya tanki yakishuka ulipolaza?

#55 Mzunguko_Wangu
Yameshuka kidogo ndiyo...

#56 KimyaKimya
Aisee. Simamisha tena kesi uone kama 54 inarudi. Ikirudi ni uzito, isiporudi ni hewa.

#57 Mzunguko_Wangu
Nimesimamisha. 52.

#58 Pikseli
HAHAHA hii kadi ina siasa. Haimpi mtu ushindi

#59 ShabaTupu
Mkuu fungua tu. Ukitoa bloku USIFUTE pesti kwanza. Iangalie ilivyokaa pande zote mbili, ukiona katikati ya chipu imebaki nene na pembeni nyembamba, bloku imebinuka. Ukiona upande mmoja nene, skrubu au pinda. Ukiona nene kote sawasawa ni pedi zimeinyanyua. Piga picha ulete hapa. Halafu toa hizo pedi za kuongezea, weka zinazolingana pande zote.

#60 Mama_Pampu
Na ukishafika hapo fungua mfuniko wa bloku usafishe vimifereji kwa mswaki. Kagua oringi (mpira wa kuzuia maji yasivuje) kabla ya kurudisha, ikiwa imekatika au imejipinda badilisha.

#61 KimyaKimya
Na kitegemeo.

#62 bwana_wati
Ukibadili pedi, pesti, ukasafisha bloku na kuweka kitegemeo siku moja, hutajua ni kipi kilichotibu. Fanya kimoja kimoja.

#63 Mzunguko_Wangu
Bwana_wati nakuheshimu sana ila kumwaga maji yote na kujaza upya kila mara kwa ajili ya kimoja kimoja siwezi. Nafanya yote kwa mpigo. Pampu napandisha namba 3. Picha za pesti nitaleta.

#64 FundiBisibisi
Yote kwa mpigo halafu ikishuka mtasema ni mapovu.

#65 mgeni_njiani
Swali la mwisho, bloku ya 295X2 inaingia kwenye Radeon Pro Duo ya 2016? Nayo ni chipu mbili za AMD.

#66 tofali_la_shaba
Haiingii. Pro Duo ni chipu za Fiji, memori yake ni HBM imekaa ubavuni mwa chipu kwenye kitako kimoja, haijasambaa kwenye bodi. Matundu ya skrubu, VRM, kila kitu kiko kwingine. Tafuta bloku iliyoandikwa jina la kadi yako, na kama bodi ina toleo zaidi ya moja linganisha picha ya bodi kabla hujaagiza.